Ukiona Vyaelea: Samaki, Mboga na Maji ya Mengo

Methali isemayo "Ukiona vyaelea, vimeundwa" ni mojawapo ya methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda hukutana nazo mapema, na humpa taabu mapema. Vinavyoelea ni vitu gani? Mwalimu humsimulia habari za majahazi na mashua, na za mafundi wa Lamu waliochonga mbao na kuziba nyufa kwa pamba na mafuta. Mwanafunzi wa Mengo, ambaye huenda hajawahi kuiona bahari, huitikia kwa kichwa, huandika daftarini, kisha husahau.

Makala haya yanakusudia kuisogeza methali hiyo karibu na nyumbani, kwa kutazama historia ya maji, samaki na mimea ieleayo chini ya kilima cha Mengo na katika mabonde yanayokizunguka. Historia hiyo inatufikisha kwenye jambo la siku hizi, yaani kitalu cha mboga kinachoelea juu ya maji yatokayo kwa samaki, ambacho mtu anaweza kukiunda nyuma ya nyumba yake. Wataalamu huuita ufugaji na ukulima huo wa pamoja akwaponiki. Samaki hulishwa, uchafu wao hugeuzwa na bakteria kuwa chakula cha mimea, mimea huufyonza, na maji yaliyosafishwa hurudi kwa samaki. Udongo hauhitajiki.

Tuanze na maji yenyewe. Kabaka Mwanga wa Pili alitawazwa mwaka 1884 na mwaka uliofuata akahamishia ikulu yake, yaani Lubiri, kwenye kilima cha Mengo. Kati ya mwaka 1885 na 1888 aliamuru lichimbwe ziwa upande wa Ndeeba, chini ya Lubiri. Shabaha yake ilikuwa kuliunganisha ziwa hilo na Nalubaale kwa mfereji, ili Kabaka aweze kupanda mtumbwi karibu na mlango wake na kufika ziwa kuu bila kukanyaga nchi kavu. Ziwa lilichimbwa kwa mikono na majembe. Wakulima walichimba, na hata wakubwa wa nchi walilazimishwa kuchimba, na aliyechelewa alitozwa faini. Manung'uniko juu ya kazi hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha wasomi wa dini, Waislamu na Wakristo, dhidi ya mfalme wao. Mwezi wa Septemba 1888 walimpindua. Mwanga alikimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini mwa Nyanza, na mfereji wake ulikuwa bado haujafika kokote.

Ziwa lilibaki. Wakazi wa Kampala wanalijua kwa jina la Ziwa la Kabaka, au Nnyanja ya Kabaka, na watu wengi hupita kando yake kila siku bila kujua lilivyopatikana. Yangeyange hulala kwa wingi kwenye visiwa vyake vidogo. Mimi naliona kuwa ni somo la historia ambalo shule za Mengo zimelipata bure, kwa kuwa mwalimu hahitaji basi wala nauli kuwapeleka wanafunzi huko. Hata hivyo, linalotuhusu zaidi hapa ni namna lilivyoundwa. Lilikuwa maji ya amri. Aliyechimba hakuulizwa kama anayahitaji, wala hakuelezwa atapata nini. Kitu kilichoundwa hivyo kinaweza kubaki ardhini kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuifanya kazi kiliyokusudiwa kuifanya.

Nimelitaja neno amri kwa sababu Kiswahili nacho kina historia yake ya amri mahali hapa. Kiswahili kilifika katika baraza la Buganda bila kulazimishwa na mtu. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844, na baada yake walikuja wengine kutoka pwani, wakaacha maneno yaliyozama katika Luganda kiasi kwamba wengi huyadhani kuwa ya Luganda tangu asili: ekitabo, emmeeza, essabbuuni, essaawa, omusumaali. Hakuna aliyelalamika. Malalamiko yalianza Gavana Gowers alipotoa waraka wake wa mwaka 1927, akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa wa Pili, akiwa hapa Mengo, aliandika mwaka 1929 kulipinga pendekezo hilo kwa upande wa Buganda. Baadaye, mwezi wa Mei 1966, jeshi la serikali lilishambulia Lubiri, na lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jeraha hilo lilikuwa bado bichi. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya lugha rasmi ya pili. Sisi tunaokifundisha tunajua umbali uliopo kati ya maandishi ya katiba na ulimi wa mtu wa Kisenyi au Katwe.

Turudi kwenye samaki, maana huko Waganda hawakuhitaji kufundishwa. Miongoni mwa koo za Buganda zimo za samaki: wapo wa Mamba na wapo wa Nkejje. Mwalimu mgeni awe mwangalifu hapa. Mwanafunzi akisema kwamba yeye ni wa ukoo wa Mamba, darasa lililojifunza Kiswahili humfikiria mnyama mwenye meno makali alalaye ukingoni mwa mto, ambaye kwa Luganda huitwa goonya. Emmamba ya Waganda ni samaki mrefu mwenye mapafu, awezaye kujizika kwenye matope wakati wa kiangazi na kuishi humo akingoja mvua. Wajaluo humwita kamongo. Nimeona insha nzima ikiharibika kwa neno hilo moja.

Samaki anayependwa zaidi kufugwa naye ana majina yake. Watu wa Mwanza humwita sato, sehemu nyingi za Tanzania husema perege, na Waganda na Wajaluo husema ngege. Ngege wa asili wa Nalubaale alikuwa jamii nyingine, lakini katika miaka ya 1950 aliletwa ziwani perege wa Mto Nile, na katika miaka hiyo hiyo akaletwa sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Samaki wa zamani wakapungua mno, wengine wakatoweka kabisa. Leo mtu akinunua ngege sokoni, karibu kila mara anauziwa yule mgeni. Jina limebaki palepale na samaki amebadilika, jambo ambalo wanaofundisha isimu ya kihistoria wangeweza kulitumia badala ya mifano ya Kilatini.

Ufugaji wa samaki mabwawani ulianza nchini Uganda katika miaka ya 1940. Mwaka 1947 kilianzishwa kituo cha majaribio cha Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, ambacho hadi leo ni kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Kutoka hapo maofisa walieneza elimu ya mabwawa, na kufikia miaka ya 1960 yalikuwapo maelfu ya mabwawa nchini. Mengi yalikufa katika miaka ya 1970. Vita na uhaba vilichangia, lakini ipo sababu nyingine ambayo hutajwa kidogo: mengi yalichimbwa kwa kuhimizwa na maofisa, na afisa alipoacha kuja, vifaranga wa samaki nao waliacha kuja.

Sasa tutazame mimea inayoelea, kwani hapo ndipo Kampala ina hazina yake. Mfereji wa Nakivubo unapita bondeni kati ya Mengo na Nakasero, ukibeba maji machafu ya mji kuelekea ghuba ya ndani ya Murchison. Kabla ya kufika ziwani, maji hayo hupita katika kinamasi cha mafunjo, ambayo kwa Luganda huitwa ebitoogo. Sehemu kubwa ya mafunjo hayo haikusimama juu ya ardhi. Mizizi yake imesukana na kuwa mkeka mnene unaoelea, na maji hupita chini yake. Watafiti wawili, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, walikichunguza kinamasi hicho katika miaka ya 1990 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Walionyesha kwamba mizizi ya mafunjo hukutana na maji na kufyonza naitrojeni na fosforasi iliyomo, na kwamba mafunjo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko majani mengine ya kinamasi ambayo mkeka wake umeshikamana mno. Kiwanda cha maji cha Gaba huchota maji katika ghuba hiyo hiyo. Kwa hiyo kwa miaka mingi mji huu umesaidiwa na chelezo la mimea ambalo hakuna mtu aliyeliunda, nasi tumekuwa tukilipunguza kwa majengo na mashamba ya magimbi.

Mmea mwingine uliofundisha somo hilo kwa njia mbaya ni gugu maji. Lilionekana upande wa Uganda wa Nalubaale mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limezuia meli huko Port Bell na mitumbwi katika magati mengi, hadi wadudu walioletwa kulila, pamoja na mabadiliko ya hali ya hewa, walipolipunguza mwaka 1998 hivi. Gugu hilo lilinawiri kwa sababu maji yalijaa chakula cha mimea ambacho hakikuwa na mlaji mwingine. Wakulima wa Bangladesh, ambao nao wanasumbuliwa nalo, hulikusanya, hulirundika likawa kitanda kinachoelea, kisha hupanda mboga juu yake wakati wa mafuriko. Huko Mexico, karne nyingi zilizopita, Waazteki walilima juu ya vitalu vilivyojengwa kwa matope na matete ndani ya ziwa.

Akwaponiki ya kisasa ilichukua fikra hizo ikazitia ndani ya matangi. Majaribio yalifanyika Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, lakini mfumo wa chelezo unahusishwa zaidi na James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, katika bahari ya Karibi. Visiwa hivyo vina maji matamu machache na ardhi haba, kwa hiyo hakuna tone la kupoteza. Mfumo wao mkubwa ulikuwa na matangi 4 ya samaki na mifereji 6 ya mimea, yenye eneo la kupandia la meta za mraba 214. Samaki wao alikuwa perege, ndugu wa huyu wetu. Mimea ilisimama katika matundu ya mabamba ya povu la plastiki yaliyoelea juu ya maji, mizizi ikining'inia chini. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuuunda mfumo huo kwa kiwango cha nyumbani, na vipimo nitakavyovitaja vinaafikiana na vile vya wataalamu hao.

Mwenye uwanja mdogo Mengo anahitaji nini? Tangi la lita 1000 linatosha kuanzia. Mafundi wengi hutumia yale ya plastiki ya mraba yenye kizimba cha chuma, ambayo huuzwa yakiwa yametumika. Lazima muuzaji aulizwe lilibeba kitu gani, maana lililobeba kemikali ya sumu halifai hata likioshwa mara saba. Baada ya tangi la samaki huja pipa la kutuamishia uchafu mzito, kisha pipa la pili lililojazwa vitu vyenye nyuso nyingi, kama vile vifuniko vya chupa au kokoto za lava, ambapo bakteria hukaa. Kutoka hapo maji huteremka yenyewe hadi kwenye hodhi la mboga lenye kina cha sentimeta 30 hivi. Pampu moja, iliyowekwa mahali pa chini kabisa, huyarudisha kwa samaki. Pampu nyingine ndogo hupuliza hewa kwenye tangi na kwenye hodhi, kwa sababu mizizi nayo huhitaji oksijeni.

Bakteria ndio moyo wa mfumo wote, ingawa hawaonekani. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huipenda. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Mtu anayenunua samaki 50 leo na kuwatia wote kesho atawaokota wakielea, na hiyo si maana ya methali yetu. Maji ya bomba nayo yana klorini inayowaua bakteria, kwa hiyo huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa.

Kipimo kinachounganisha samaki na mboga ni chakula cha samaki. Mboga za majani huhitaji gramu 40 hadi 50 za chakula hicho kwa siku kwa kila meta ya mraba. Samaki wenye uzito wa kilo 10 kwa jumla, wakila gramu 150 kwa siku, watalisha meta za mraba 3 za dodo au sukumawiki. Hodhi la eneo hilo, likiwa na kina nilichokitaja, lina maji ya karibu kilo 900, kwa hiyo lisipandishwe juu ya dari wala roshani bila fundi kukagua. Jua lisifike kwenye maji, la sivyo mwani utashindana na mboga. Bamba hulizuia, na tangi hufunikwa. Ndani ya hodhi wawekwe visamaki wadogo wa kula viluwiluwi, tusije tukafuga mbu jirani na watoto.

Tatizo kubwa la Kampala ni umeme. Wengi wetu tunakumbuka mgawo wa mwaka 2005 na 2006, maji ya Nalubaale yaliposhuka na taa zikawa zinazimwa kwa zamu. Pampu ikisimama usiku, perege waliosongamana wanaweza kufa kabla ya alfajiri. Kwa sababu hiyo naona kambare, yaani emmale, anamfaa zaidi anayeanza. Ana kiungo cha kuvutia hewa, naye hupanda juu akapumua kama binadamu aliyetoka kuoga ziwani. Nyama yake haipendwi na kila nyumba, na zipo koo na familia ambazo hazimgusi, lakini huvumilia. Anayetaka perege achague madume tu, kwani majike huzaa haraka mpaka tangi likajaa samaki wasiokua. Halmashauri ya Jiji la Kampala ilitunga sheria ndogo za kilimo cha mjini zilizotangazwa mwaka 2006, zinazotambua ufugaji na ukulima ndani ya jiji na kudai vibali, kwa hiyo ni vizuri kuuliza katika ofisi ya divisheni kabla ya kununua bomba la kwanza.

Gharama zipo, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba mboga za mfumo huu ni rahisi kuliko za sokoni Kibuye. Chakula cha samaki hununuliwa, na umeme hulipiwa. Faida yake ni kwa mtu asiye na ardhi, au mwenye udongo uliochafuliwa na maji ya mitaro, kwa sababu anapata mboga na kitoweo mahali pamoja bila kumwaga maji.

Imebaki kazi yetu ya lugha. Mtu akiunda mfumo kama huu kwa hiari yake, atahitaji maneno, na maneno yanayohitajiwa hayasubiri sheria. Mafundi wa Katwe tayari wanasema paipu, pampu na tanka katikati ya Luganda chao, wala sioni sababu ya kuwasahihisha. Neno akwaponiki liachwe lilivyo. Kwa kitanda kinachoelea napendekeza chelezo. Kamusi zetu hulitoa kwa maana ya kitu kieleacho, kama vile boya la nyavu au magogo yaliyofungwa pamoja, na asili yake ni kitenzi kuelea kikitiwa maana ya kufanyiza. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa kueleza, maelezo na kuelewa: jambo lililokuelea limepanda juu likaonekana. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuyaona maneno hayo yote kwa macho yake akisimama kando ya hodhi. Kwa pipa la bakteria wengine wamependekeza kichujio hai, na wengine chujio la vijidudu. Nawaomba walimu wa Mengo na kwingineko walete maneno wanayoyasikia kwa wafugaji wenyewe, pamoja na jina la samaki kila mahali walipo, ili tuyachapishe katika toleo lijalo.